Sauti Kwanza

Bi Mwatumu alianguka uani akianua nguo, na alipoinuliwa hakuwa na maneno tena. Upande wote wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na mdomo ukaenda upande. Daktari alisema kiharusi. Majirani wa mtaa wa Makorora, Tanga, ambao kila mmoja wao ni daktari, walisema presha, wengine wakasema jini, na mmoja akasema ni kinyongo, maana mama yule alikuwa na kinyongo kinachojulikana mtaa mzima.

Kinyongo chenyewe kilikuwa juu ya binti yake, Zuwena. Zuwena alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani ilhali posa yake imekwisha kupokewa na wazee wa upande wa pili wamekwisha kula pilau. Mama akabaki na aibu, akaibeba kila shughuli aliyoalikwa. Siku moja akasema mbele za watu, "Mimi na Zuwena hatuna radhi." Maneno kama hayo pwani hayasemwi ovyo. Mtoto asiye na radhi ya mama hata apate dunia nzima mkononi, hujiona mikono mitupu. Zuwena alituma salamu mwaka baada ya mwaka, mama akazijibu kwa kunyamaza. Sasa hata kama alitaka kusema, ulimi ulikuwa umelala.

Nyumbani walibaki watatu. Mgonjwa mwenyewe, mdogo wake, Bi Tausi, mjane aliyetoka Muheza kuja kumuuguza, na Idarusi, kitinda mimba, aliyekuwa akisomea shahada ya pili chuoni Dar es Salaam na kurudi Tanga kufanya utafiti wake. Utafiti huo uliitwa Ugawaji wa Rasilimali na Ubora wa Huduma katika Mitandao Isiyotumia Waya. Bi Tausi alipoulizwa na wenzake huyo kijana anasomea nini hasa, alijibu, "Anasomea kugawa upepo."

Hakuwa mbali na kweli. Idarusi alisimamisha antena juu ya bati la nyumba yao, akavuta intaneti kutoka upande wa Chumbageni na kuigawa kwa nyumba za jirani. Watu walimkimbilia, kwa sababu jioni mnara wa simu wa mtaa ule huelemewa, bando likawepo na mtandao usiwepo. Lakini hata hicho cha Idarusi kilikuwa kidogo na watu ni wengi, na hapo ndipo ulipokuwa utafiti. Kidogo hiki kigawanywe vipi, kila mtu aridhike?

Jibu lake lilikuwa sauti kwanza. Anayepiga simu ya kuzungumza au anayetuma ujumbe apishwe mbele. Picha za kutembea, za mpira na tamthilia na watu kuonana nyuso, zingojee kitakachobaki. Sauti inakula kidogo na ina haraka, picha inakula sana, na wengi shida yao ni kusikilizana. Mimi nimeitazama hoja ile mbele na nyuma, sikuona ubaya wake. Msimamizi wake chuoni aliisifu pia.

Waswahili lakini hawasifu kitu mpaka wakijaribu.

Mwenye mdomo alikuwa Mzee Uweso, fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na msikiti. Alasiri moja watu wanatoka kuswali, akaanza, naye anajua Idarusi yumo kati yao.

"Nyie endeleeni kushukuru tu. Kule kwa Mwatumu picha zapita kama maji, sisi twapewa matone. Mie nikitaka kumuona mjukuu wangu Mombasa, kile kiduara chazunguka mpaka nasinzia."

Idarusi alivaa kandambili zake akamwendea. "Shikamoo, Mzee Uweso."

"Marahaba. Shikamoo naipata, baba. Mtandao ndio siupati."

Watu wakacheka. Idarusi alikuwa mtu wa haya, na kuchekwa mbele ya msikiti kulimchoma. Alieleza habari ya sauti na picha, wakamsikiliza kwa adabu kama anavyosikilizwa mgeni, na alipomaliza Uweso akasema, "Maneno mazuri. Ila mkono hujipaka mafuta wenyewe kwanza, twajua."

"Wallahi," alisema Idarusi, na damu imempanda usoni, "nyumba ya mama yangu haitapita mbele ya nyumba ya mtu yeyote hapa. Mtu yeyote. Na nitaweka ukurasa wazi, kila mmoja aone kwenye simu yake nani amepata nini na saa ngapi."

Uweso akawageukia wenzake. "Mmemsikia. Kaapa, na miguu bado ina maji ya udhu."

Ukurasa ukawekwa siku ile ile. Uweso akawa anaufungua kila jioni, anawasomea wateja wake kama mtu anayesoma gazeti. Nyumba ya Bi Mwatumu ilikuwa kwenye foleni sawa na wengine, na heshima ya Idarusi ikarudi. Alianza kuitwa mwadilifu, naye akalipenda jina hilo kuliko alivyojua.

Tabu ilikuwa Zuwena.

Tajiri wake huko Maskati, Bi Shemsa, hakuwa mwanamke mbaya. Alimlisha vizuri na kumvisha, lakini simu aliichukua asubuhi na kuirudisha usiku wa kwao baada ya Isha, kazi zikipungua. Zuwena alikuwa akipiga kutoka chumba cha kufulia, amekaa juu ya kapu la nguo, sauti ameishusha. Tangu mama aanguke alikuwa na swali moja tu.

"Ameniwia radhi?"

Mara ya kwanza Idarusi alijibu bado. Mara ya pili alijibu bado. Mara ya tatu akamsikia dada yake analia kule, kilio cha mtu anayejiziba mdomo asisikike na wenye nyumba, na moyo ukamshinda.

"Amekuwia, Dada. Leo asubuhi. Amesema nimemsamehe mwanangu."

Zuwena alisujudu pale pale kwenye sakafu yenye maji ya sabuni. Alishukuru, akacheka, akamwita Mola wake mara nyingi. Kisha akainua kichwa.

"Idarusi. Si uliniambia hawezi kusema?"

Kijana wa shahada ya pili akaihamishia simu sikio la pili.

"Sasa amesema kwa mdomo gani?"

"Dada, mimi nilitaka tu..."

"Wanidanganya kwa radhi ya mama? Kwa radhi, Idarusi?" Hakupaza sauti, maana hakuwa na ruhusa ya kupaza sauti katika nyumba ile. "Tangu leo usinisemee mama. Neno lako juu yake silitaki. Nitaamini macho yangu, basi."

Idarusi alikaa na simu mkononi, aibu tupu. Alijua amemvunja dada yake mara mbili: kwa kumpa, na kwa kumnyang'anya. Bi Tausi alipoambiwa alitikisa kichwa. "Mie nisingesema uongo huo hata kwa kuchinjwa," akasema, na wakati ule alikuwa mkweli.

Ikafika siku ambayo mwezi wa Ramadhani ungetafutwa jioni yake. Siku kama hiyo watu wa Tanga huwa na kazi nyingine nje ya kununua tambi na tende. Hutafutana wasameheane, maana kuingia mwezi mtukufu na kinyongo ni kama kuingia msikitini na viatu. Anayekaa karibu hufuatwa mlangoni. Aliye mbali hupigiwa simu.

Bi Tausi alikuwa akimwosha dada yake asubuhi, amemweka upande, anamsugua mgongo, huku akimsemesha kama kawaida yake.

"Mwezi wenda ukaandama leo, dada. Tuwasamehe watu. Mwamvua na ile sufuria yako aliyoitoboa, tumemsamehe?"

Mkono wa kushoto wa Bi Mwatumu ulimbinya kidogo. Hiyo ndiyo iliyokuwa lugha yao: kubinya ni ndiyo, kulegeza ni hapana.

"Na yule shemeji yangu wa Muheza aliyekutukana?"

Akabinya.

Bi Tausi alisita. Jina lililofuata alikuwa amelitaja mara nyingi, na kila mara mkono ulilegea ukaanguka shukani.

"Zuwena?"

Mkono ukambana. Ukambana na usiachie, kucha zikamwingia, na Bi Tausi alipomgeuza dada yake kumtazama usoni aliona machozi yanateremka kwenye lile shavu lililokufa, lenyewe halina habari.

"Idarusi!" akaita. "Idarusi, njoo! Mama anataka kutoa radhi!"

Idarusi alikuja mbio, jambo la kwanza kutoa simu. "Ngoja nirekodi, Mamdogo. Arudie hivyo hivyo, nimpelekee Dada sasa hivi."

"Arudie nini? Radhi huombwa kwanza ndipo ikatolewa. Mtoto aombe, mama ampe, waonane. Hili si tangazo la redio."

"Tumuulize mwenyewe."

Wakamuuliza kama arekodiwe. Mkono ukalegea. Alitaka kumuona mwanawe.

Ujumbe ukapelekwa Maskati. Jibu likaja mchana, Zuwena ameomba simu kwa Bi Shemsa kwa kumbusu mkono: *Nimepewa ruhusa fupi. Maghribi yenu, mpaka waniite kuandaa meza ya wageni. Niacheni nimuone tu.*

Sasa Bi Tausi, ambaye hakusomea upepo wala mvua, aliuliza swali. "Maghribi ya leo mtaa mzima utakuwa kwenye simu. Hiyo picha yetu itapita?"

"Nimejaribu sasa hivi, Mamdogo. Inapita safi."

"Sasa hivi watu wako sokoni. Nauliza Maghribi."

Idarusi akaangalia chini.

"Si wewe mwenye mtambo? Tuweke sisi mbele kwa muda huo mdogo tu, kisha uturudishe."

"Niliapa."

"Yamini ina kafara. Walishwe maskini kumi, imefutika. Mimi nitapika, wali na samaki, wewe kawaite."

Alikuwa anajua habari ya kafara. Aliisoma madrasa kabla hata ya kujua kusoma kwa Kiswahili. Dini ilikuwa imemfungulia mlango tangu zamani. Aliyemfungia alikuwa Uweso, na ule ukurasa, na lile jina la mwadilifu. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia Bi Tausi. Jioni ile, kwa msongamano wake, ndiyo aliyokuwa akiingojea mwaka mzima. Vipimo vya jioni ile vilikuwa vifunge utafiti, na nyumba moja kuruka foleni ingeviharibu vyote.

"Itapita, Mamdogo," akasema. "Itakwaruza kidogo, lakini itapita."

Walimvisha Bi Mwatumu kanga mpya, wakamfunga ushungi, wakamwegemeza kwa mito miwili. Kitanda chake kilisukumwa ukutani, upande wa kulia wa mwili ukiwa kwa ukuta ili asianguke. Idarusi alisimama upande wa pili na simu. Adhana ikaisha, wakaswali upesi, simu ikalia.

Uso wa Zuwena ukatokea. Amenenepa kidogo, macho yamechoka, nyuma yake mashine ya kufulia. Bi Mwatumu alipomuona alitoa sauti, si neno, sauti tu ya kooni, na mabega yakaanza kutikisika.

"Mama," alisema Zuwena. "Waniona? Mie Zuwena."

Picha ilikuwa safi. Idarusi alipumua.

"Mama, nimekukosea. Nimekuaibisha mbele za watu, na nimekaa mbali wakati wa ugonjwa wako. Sina la kusema. Nakuomba radhi, mama, kwa maziwa uliyoninyonyesha."

Nje watoto wakapiga kelele: "Mwezi! Mwezi! Umeandama!" Mlango wa jirani ukafunguka, na wa jirani yake, na Makorora nzima ikashika simu. Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumwambia kesho tunafunga, na baada ya hapo, nisamehe. Mume kwa mke aliyeachana naye, ndugu kwa ndugu waliogombana juu ya mnazi, mwenye duka kwa mteja. Sauti zote zile zikaingia kwenye mtambo wa Idarusi, na mtambo ukafanya kama ulivyoamriwa. Ukazipisha mbele moja moja, bila upendeleo.

Mama naye alikuwa amekwisha kumsikia mwanawe, na alitaka kumjibu. Radhi hutolewa kwa mkono wa kulia. Hata kitumbua mtu mwenye adabu hakipokei kwa kushoto, sembuse kumwachia mtoto dunia na akhera. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, lakini aliona njia. Alianza kujigeuza ukutani, polepole, ili aufikie kwa huu wa kushoto na kuuinua.

Pale pale, mama akiwa amegeuka, picha ikaganda.

Chumbani Bi Mwatumu aliendelea. Aliukamata mkono mfu kifundoni, akauvuta, akajirudisha chali kwa tabu, kanga imemtoka kichwani, na akaunyanyua mkono wa kulia juu kwa kuushika na wa kushoto, kiganja kikielekea kwenye simu. Bi Tausi akaanza kulia kwa sauti. "Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!"

Maskati Zuwena aliona kisogo cha mama yake na ukuta.

"Amenipa mgongo," akasema.

Sauti yake ilifika safi, kama yuko chumba cha pili.

"Hapana, Dada! Picha imeganda! Anatoa radhi, ameinua mkono, mkono wa kulia!"

"Wa kulia?" aliuliza Zuwena. "Ule uliokufa?"

"Ameushika na wa kushoto! Alikuwa akigeuka kuuchukua! Wallahi tena, Dada, imeganda!"

"Wiki ile alisema kwa ulimi usiosema. Leo ameinua mkono usioinuka." Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungeniacha tu, Idarusi. Namuona. Kanitazama, nikamuomba, kageukia ukutani. Ni haki yake."

Bi Tausi akaipokonya simu. "Zuwena mwanangu! Mimi mamako mdogo nakwambia, mkono uko juu! Uko juu naona kwa macho yangu!"

"Mamdogo, nawe una huruma. Wanisikia nalia."

Idarusi aliruka. "Kafara nitalipa," alisema, sijui akimwambia nani, akakimbilia chumba chake kwenye kompyuta. Aliifungua. Ikamwomba neno la siri, akalikosea. Akaliandika tena. Mtambo ukafunguka, akaitafuta nyumba yao katika foleni, na kabla hajagusa kitu alisikia, kutoka kwenye ile simu mkononi mwa Bi Tausi, sauti ya mwanamke mwingine kwa mbali: "Zuwena! Ya Zuwena! Wageni!"

"Nakuja, bibi," alijibu Zuwena. Na simu ikakatika.

Aliporudi chumbani, mama alikuwa bado ameinua mkono. Ulikuwa ukitetemeka, jasho limemjaa usoni, macho ameyakaza kwenye kioo kilichozimika, anangoja aambiwe. Idarusi aliishia mlangoni. Bi Tausi akaweka simu chini, akakaa kitandani, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Ameipokea, dada," akasema. "Ameona kila kitu. Ameipokea kwa furaha, analia. Shusha mkono sasa, upumzike."

Bi Mwatumu akaushusha.

Walimpigia Zuwena tena na tena mpaka Isha. Simu ilikuwa imekwisha kurudi kwa Bi Shemsa, na usiku ule wa wageni hakuirudisha. Alfajiri, watu wakiwa kwenye daku ya kwanza, Bi Mwatumu alifariki kimya kimya, na Bi Tausi aliyemletea maji ndiye aliyegundua.

Alizikwa baada ya Adhuhuri. Watu walikuja wengi, wote wamefunga, na wakasema kufa siku ya kwanza ya Ramadhani ni bahati ambayo haimpati kila mtu. Idarusi aliitikia. Alikuwa amekaa kwenye jamvi barazani, akipeana mikono na kila aliyekuja, na Mzee Uweso alipofika hakuachia mkono wake upesi. Alijisogeza akakaa karibu naye.

"Mungu akupe subira, baba. Mama yako alikuwa mtu." Akashusha sauti. "Na mie nna deni kwako la maneno. Niliyoyasema kule msikitini, nisamehe. Jana usiku nimezungumza na ndugu yangu aliye Pemba, tuliyekosana naye tangu marehemu baba yupo hai. Neno kwa neno, hakuna kukatika wala kukwaruza. Tumesameheana, tumelia kama watoto. Nikaufungua ukurasa wako, nikaona kwenu ni sawasawa na kwangu. Nikasema, huyu kijana kweli mwadilifu. Allah akulipe."

"Amin," alisema Idarusi.

Vipimo vilikuwa vizuri ajabu. Kompyuta ilikuwa imejiandikia yenyewe usiku kucha: mtaa mzima hewani kwa wakati mmoja, na hakuna simu hata moja ya sauti iliyopotea. Msimamizi alimtumia rambirambi, na mwishoni akaongeza kwamba akipata nafasi, atume matokeo.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka, wageni wamekwenda kujiandaa kufuturu, Zuwena alipopiga. Bi Shemsa aliposikia habari ya msiba alimpa simu na kumwambia leo asifanye kazi. Bi Tausi ndiye aliyekuwa amempelekea habari, kwa ujumbe, kwa vile hakuweza kuisema.

"Kazikwa?" Zuwena aliuliza. Ilikuwa simu ya sauti tu.

"Kazikwa, Dada. Baada ya Adhuhuri."

"Nani alimwosha?"

"Mamdogo na Bi Mwamvua."

"Alikuwa mwepesi?"

"Wamesema alikuwa mwepesi."

Idarusi akaona ndiyo nafasi, akaanza, "Dada, ile jana, kwa haki ya Mungu..."

"Idarusi, nimefunga. Usiniharibie funga yangu kwa kunibembeleza. Sina ugomvi nawe. Nimeachwa bila radhi, nitakwenda hivyo hivyo mpaka tukutane naye. Nioneshe alipokuwa amelala. Hilo tu."

Idarusi aliingia chumbani kwake. Hakukosea neno la siri safari hii. Aliitoa nyumba ya mama yake kwenye foleni akaiweka mbele, mbele ya kila nyumba na mbele ya kila sauti, akaipa chote kilichokuwepo, chote. Ukurasa akauacha wazi kama ulivyo, auonaye auone. Kisha akaenda na simu chumba cha mama, akafungua picha.

Uso wa Zuwena ulikuja bila doa. Akaigeuza simu. Godoro lilikuwa limetolewa nje kuanikwa, kimebaki kitanda na mbao zake, mito miwili juu ya kiti, chupa ya mafuta ya habasoda dirishani. Alimwonesha polepole, dirisha, kiti, mlango.

"Ukuta ndio huu?" aliuliza Zuwena.

"Ndio huu."

"Sogeza."

Akasogeza. Rangi ya bluu, imebabuka pale mgonjwa alipokuwa akiegemea.

"Naona," alisema Zuwena. "Naona vizuri kabisa. Hata ule msumari naona."

Mtu alipiga hodi nje. "Idarusi! Baba, sauti hazipiti! Nilikuwa nazungumza na Pemba, imekata katikati ya neno!" Wengine wakamuunga mkono, kwao pia hakuna kitu, jua linazama na watu wana jamaa zao wa kuwaulizia futari.

"Kuna watu wanakuita," alisema Zuwena.

"Waache."

"Basi usikate. Usiniambie neno, na usikate."

"Sikati, Dada."

Aliiegemeza simu kwenye mbao za kitanda, ikitazama ukuta, naye akakaa sakafuni pembeni pasipoonekana. Bi Tausi aliingia na kikombe cha maji na tende tatu, akamkuta hivyo, akakaa naye. Nje Mzee Uweso alipiga hodi tena, akangoja, akaondoka. Hata adhana ya Maghribi ilipoanza, ile picha ilikuwa haijakwama hata mara moja.